Mzee Aliyesimama Kwenye Madirisha

Nyinyi vijana mnaouza viatu mjini siku hizi, sijui kama mmewahi kushika mguu wa mtu. Nawaona nikipita. Mteja anaingia, mnamwelekeza kwenye rafu kwa kidevu, anajishushia boksi mwenyewe, anakanyaga huku na huku mbele ya kioo, na macho yenu yako kwenye simu. Silaumu, ndivyo mlivyofundishwa, kama mlifundishwa. Mimi nilikula jasho la kupiga goti kwa miaka thelathini na minne, na magoti yangu yana sugu ambazo wenzangu kanisani wanadhani ni za maombi.

Duka letu lilikuwa kwenye kichochoro kinachotokea Biashara Street. Lilikuwa jembamba na refu, maboksi yamepangwa mpaka dari, na karibu na mlango kulikuwa na benchi moja ya ngozi nyekundu iliyopasuka pembeni. Mwenyewe alikuwa Bwana Lalji, mzee mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi, na ndiye aliyenifundisha kazi. Nilipoajiriwa nilidhani kuuza viatu ni kujua bei na kupanda ngazi. Siku ya kwanza alinipokonya boksi mkononi. "Wewe Njuguna, shika mguu kwanza. Kiatu iko tu, haikimbii."

Basi nikajifunza mguu. Mguu hupimwa alasiri, kwa sababu asubuhi bado haujavimba, na kiatu ulichokinunua asubuhi kitakubana jioni. Hupimwa mtu akiwa amesimama, tena yote miwili, maana sijaona binadamu mwenye miguu sawa. Mkubwa ndio unaochagua namba, mdogo unatafutiwa soli ya ndani. Mteja avae soksi zile zile atakazovalia kiatu hicho. Na usimwulize kama kinamtosha, maana hapo kila mtu husema uongo. Mwanamke atakuambia kinatosha hata kama vidole vinalia, na mwanamume atakuambia kinatosha ili aende zake. Mtazame uso anapopiga hatua ya tatu.

Makosa? Nilifanya mengi. Mwezi wa kwanza, baridi ya Julai imekaza, nilishika mguu wa mama mmoja wa heshima kwa mikono iliyotoka kufuta kioo cha dirisha. Alipiga kelele, mguu ukaruka, kisigino kikanipata kidevuni nikajiuma ulimi. Bwana Lalji alimwomba mama msamaha kwa maneno mengi, kisha akanivuta nyuma ya kaunta. Nikajua nimefutwa. Badala yake akanipa kikombe cha chai ya moto. "Hii si ya kunywa," akasema. "Ya kushika. Mteja hapana guswa na samaki."

Tangu siku hiyo nilikaa na kikombe cha chai chini ya benchi. Kabla ya kumgusa mteja nilikikumbatia kwa viganja viwili, na hata kile kibao cha chuma cha kupimia nyayo nilikipasha kwa mvuke wake. Wateja walipenda sana. Kuna waliosema nina mikono ya daktari. Nikavimba kichwa, nikaanza hata kuwafundisha wauzaji wa maduka jirani. Shikeni habari ya kikombe hicho, nitairudia.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa na mteja mmoja aliyekuja mara moja tu kwa mwaka, baridi ya Julai ikianza. Nilimjua kwa jina la Mzee Shadrack. Alikuwa mtu wa upande wa Butere, mrefu, mwenye kofia ya kahawia, na alikuwa mpishi wa nyumba moja kubwa kule Lavington. Wenye nyumba walikuwa wamehamia ng'ambo kwa watoto wao, wakamwacha awaangalizie. Bustani ilikuwa na mtu wa kuja kukata nyasi mara mbili kwa mwezi, na zaidi ya huyo hakuna aliyeingia.

"Vyumba sita, kijana wangu," aliniambia, "na mimi ndiye mtu. Napika ugali kidogo hivi, halafu nakula nikisimama."

"Kwa nini usimame, mzee?"

"Nikiketi, naona viti vingine."

Alinukia vitunguu na sigara. Hakuwa na haraka kamwe. Angekaa kwenye ile benchi saa nzima kwa ajili ya jozi moja, na mimi nilimwacha, kwa sababu alikuwa na hadithi nzuri za karamu alizopika na mabwana walioanguka na viti. Nilijua kisigino chake cha kulia kina kovu la mafuta ya moto. Nilijua mguu wa kushoto umeuzidi wa kulia kwa nusu namba. Jina lake la pili sikulijua, na sikuwahi kuuliza.

Sasa, benchi yetu ilitazama barabara kupitia mlango wa kioo, na kabla hajafika nilikuwa nimeshamwona. Alitokea juu ya mtaa. Akifika kwenye duka la sare za shule, anasimama dirishani. Mikono nyuma, kichwa kimeinama, anatazama sketi za kijani kwa dakika mbili tatu. Kisha anakuja mpaka duka la saa, anasimama tena. Halafu duka la vitambaa. Halafu la dawa. Maduka manne, vituo vinne, ndipo aingie kwetu.

Mimi ni mtu wa utani, mkinijua mtanizoea. Nilimwambia, "Mzee Shadrack, leo umekagua mtaa mzima! Utanunua sketi ya kijani au saa?"

"Naangalia tu," alijibu akicheka.

Kila mwaka nilimtania hivyo na kila mwaka alijibu hivyo. Naangalia tu. Nilimpenda kwa hilo. Muuzaji humpenda mtu anayethamini dirisha lililopangwa vizuri, na letu nilikuwa nikilipanga mimi.

Mwaka wa kwanza alilalamika kwamba miguu yake inashikwa na baridi. "Hata nikiwa kitandani, kijana wangu. Ni kama nimeisahau nje." Sheria ya duka ilikuwa kwamba mteja asitoke na lalamiko lake, muuzie dawa yake. Nikamuuzia soksi nzito za sufu. Mwaka wa pili akarudi na kusema soksi ni nzuri ila kiatu sasa kinabana. Bila shaka kingebana, soksi nene zimejaa ndani. Nikampandisha kutoka namba nane hadi tisa. Mwaka wa tatu baridi ilikuwa bado ipo, nikamtilia soli ya ndani ya manyoya. Nilijiona fundi. Mtu ameleta tatizo la mguu, na mimi nimelijibu kwa kila kitu kilichokuwa kwenye rafu.

Vitu vingine niliviona na sikuviona. Muundi wake wa kushoto haukuwa na unywele hata mmoja, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Nikamtania, "Mzee, siku hizi unanyoa miguu?" Akasema soksi zangu ndizo zimekula nywele. Tukacheka sana. Na mguu ule wa kushoto ulikuwa baridi kuliko wa kulia. Hilo nililihisi wazi, nikaliwekea sababu. Kila akija aliketi mwisho wa benchi ulio karibu na mlango, mguu wa kushoto ukielekea nje, na upepo wa kile kichochoro ulikuwa hauna adabu. Nikasema ni upepo.

Na hapa ndipo kikombe cha chai kinaporudi. Mtu aliyetoka kushika kikombe cha moto, kila mguu kwake ni baridi. Mguu wa mwanafunzi ni baridi, wa mama mja mzito ni baridi, wa mzee ni baridi. Miaka yote ile ya sifa za mikono ya daktari, mikono yangu haikuwa na habari ya mtu yeyote. Ilikuwa na habari ya chai.

Julai ya nne alikuja siku ya Ijumaa. Alivua kiatu cha kushoto pole pole kuliko kawaida. Pembeni mwa kidole kidogo kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa punje ya maharagwe, kingo zake nyeusi.

"Hii ni nini, mzee?"

"Aa, nilijikwaa tangu Pasaka. Kinakauka tu."

Tangu Pasaka mpaka Julai. Nikamwambia apake kitu, nikamfungia kamba kwa ulegevu kidogo ili kiatu kisikiguse. Hakununua chochote siku hiyo. Alikaa, akanisimulia habari za keki ya harusi iliyoanguka mikononi mwake, akavaa kofia, akatoka.

Kwenye benchi ile ile, upande wa pili, alikuwa ameketi Sista Jerusha, muuguzi aliyenunua kwetu viatu vyake vyeupe vya kazi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Nilikuwa nimeshampigia goti, nikaona hanisikilizi. Anatazama nje kupitia kioo. Mzee Shadrack alikuwa amesimama mbele ya duka la dawa.

"Huyo mzee husimama hivyo kila mahali?" akauliza.

"Ah, huyo! Anapenda madirisha, sista. Hakuna duka analolipita bila kukagua."

Tukamtazama. Akatoka duka la dawa, akaenda mpaka la vitambaa, akasimama.

"Njuguna," akasema, "anaangalia nini pale? Hilo duka limefungwa."

Nikatazama vizuri. Kweli, chuma kilikuwa kimeshushwa. Mzee Shadrack alikuwa amesimama mikono nyuma, kichwa kimeinama, anatazama bati.

"Haangalii dirisha," Sista Jerusha akasema. "Mguu umemkamata. Akitembea kidogo, damu haifiki huko chini, msuli unalia. Akisimama unatulia. Ndio anajifanya anaangalia vitu, watu wasimwone. Sisi tunawajua. Miguu yake iko baridi?"

Nilimwambia kila kitu nikiwa bado nimepiga goti. Soksi, namba tisa, manyoya, muundi usio na nywele, mguu wa kushoto, kidonda cha tangu Pasaka. Kila nililotaja aliitikia kwa kichwa, na kadiri alivyoitikia ndivyo nilivyozidi kusikia aibu. Nilikuwa na orodha yote ya ugonjwa wa mtu kichwani mwangu, na nilikuwa nimeitumia kuuza soksi.

"Anavuta sigara?"

"Anavuta."

"Huo mguu hauna muda. Mfuate."

Nilitoka mbio nikiwa na kijiko cha kuvalia viatu mkononi. Kichochoro kilikuwa kimejaa watu wa Ijumaa. Nilifika mpaka kona, nikatazama huku na kule, sikuiona kofia ya kahawia.

Hapa nitawaambia ukweli ambao sijamwambia mtu mwingine. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya wateja wengi, nami sikuomba ruhusa. Nilijiambia atarudi. Nilijiambia pia kwamba sijui ni nyumba ipi ya Lavington, jambo ambalo lilikuwa kweli, na ukweli ule ulinifaa. Nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Nilitoka kwangu Kabiria kwa miguu, nikapitia Kawangware, nikaingia Lavington ile ya kuta ndefu na mageti meusi, nikaanza kubisha.

Mlinzi wa kwanza alikuwa kijana mwenye redio sikioni. "Sasa mzee, unatafuta nani?"

"Mpishi mmoja anaitwa Shadrack."

"Shadrack nani?"

"Hilo jina lingine silijui. Ni mrefu, ana kofia ya kahawia. Anavaa viatu vyeusi vya kamba, namba tisa."

Alicheka mpaka akazima redio. "Aki mzee! Umekuja kutafuta mtu na namba ya kiatu? Hapa kila mtu ako na viatu nyeusi. Ni nani yako?"

Miaka minne nimeshika nyayo za mtu huyu, na sikuwa na neno la kumwita. Nikageuka kwenda geti lingine. Nilikuwa nimeshapiga hatua kumi hivi, likanijia jambo, nikarudi.

"Kijana, kuna mzee huja akasimama hapa kwako akitoka steji? Anasimama tu, halafu anaendelea?"

"Ooh! Huyo!" Akanyoosha mkono kwenye mawe yaliyopakwa chokaa kando ya geti. "Hukaa hapo kitu dakika tano. Anasemanga anaangalia maua. Akitoka hapa husimama pale kwa nguzo ya stima. Sijui pale anaangalianga nini."

Nikaenda kwenye nguzo. Mlinzi wa geti lililotazamana nayo alimjua. Akitoka hapo, alisema, hukaa kwenye kijiukuta cha daraja la mtaro. Pale kwenye mtaro, mama aliyeuza ndizi chini ya mwavuli akaniambia hupumzika tena penye kona, kisha huingia geti la karibu nayo. Nilianza kuhesabu hatua. Kutoka kwenye mawe hadi nguzoni zilikuwa mia moja na kitu. Kutoka nguzoni hadi mtaroni, themanini. Kutoka mtaroni hadi kona hazikufika hamsini. Hivyo ndivyo nilivyomfuata Mzee Shadrack mpaka kwake, kituo hadi kituo, nikisimama aliposimama, na katika njia ile yote sikuona kitu kimoja cha kuangalia isipokuwa kuta.

Geti la nyumba yenyewe lilikuwa halijafungwa kwa ndani. Nilizunguka nyuma, penye SQ, kile kinyumba cha mfanyakazi. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kwenye stuli amevaa kofia yake, jiko la makaa mbele yake, na miguu yake yote miwili ameiegemeza kwenye ukingo wa jiko. Kulikuwa na harufu ya sufu inayoungua.

"Mzee! Soksi!"

Akatazama chini kama mtu aliyeamshwa. Soksi ya kushoto ilikuwa inafuka moshi penye vidole. Niliivuta, na ngozi ikaja nayo.

"Niliona moshi," akasema. "Nikadhani ni jiko tu."

Hakuwa amesikia chochote. Nawaambieni, nimezika mke na wazazi wangu wote wawili, lakini sauti ile ya upole, ya mtu anayeomba radhi kwa moshi, bado hunijia nikiwa nimekaa peke yangu. Zilikuwa soksi zangu. Nilizichagua mimi mwenyewe, zile nzito kabisa.

Yule mlinzi wa redio ndiye aliyetusaidia kupata gari. Hospitalini walimpokea vizuri na wakafanya walichoweza, ila kushoto hakukubaki mguu wa kuokoa. Waliukata chini ya goti. Daktari alinieleza kwa subira kwamba mishipa ya damu ilikuwa imeziba taratibu kwa miaka, na sukari nayo ilikuwamo mwilini bila mwenyewe kujua. Nikamwuliza kama angeletwa Julai ya kwanza ingekuwaje. Alinitazama, akasema labda tungezungumza mambo ya dawa, matembezi na kuacha sigara.

Muuguzi wa wodi alikuja na karatasi. "Wewe ni nani wake?"

"Mimi humuuzia viatu," nikasema.

Alingoja niongeze kitu. Kisha akatazama mlangoni kana kwamba kuna mwingine anayekuja nyuma yangu. Hakukuwa na mwingine. Siku zote kumi na saba alizolazwa, aliyemtembelea ni mimi, na Sista Jerusha mara moja, naye yule mama wa ndizi alituma ndizi. Jina lake la pili, Makokha, nililisoma kwenye kadi iliyoning'inia kitandani.

Siku moja nikamwuliza kwa nini hakusema. Miaka minne, nilimwambia, nilikuuliza unaangalia nini, na wewe unaniambia unaangalia tu. Alifikiri. "Ungeniambia niende hospitali," akasema. "Nami ningekwenda, na kule nisingekuwa na sababu ya kuja dukani. Mwaka mzima, Njuguna, hakuna mtu anayenigusa. Wewe hunishika miguu." Mficha maradhi kilio humfichua, wahenga walisema, lakini hawakusema mtu afanye nini akiwa hana wa kumfichulia.

Julai iliyofuata aliingia dukani kwa magongo mawili, gari limemshusha mlangoni. Bwana Lalji, ambaye hakuwahi kutenganisha jozi tangu afungue duka lake, alitoa boksi la namba tisa, akachukua kiatu cha kulia, akampa, na cha kushoto akanirushia mimi. "Weka," akasema, akaenda zake nyuma kupangusa miwani. Nilipiga goti. Kikombe cha chai nilikisukuma mbali. Nilikuwa nimejifunza kwa Sista Jerusha kungoja mikono irudi kuwa mikono tu, kisha nipitishe mgongo wa kiganja kutoka gotini kushuka, pole pole, nikisikiliza joto linaishia wapi. Nikaweka vidole viwili kwenye mgongo wa mguu, pale katikati ya mifupa, nikatafuta mpigo. Ulikuwepo. Mdogo, lakini ulikuwepo. Nikamwambia, "Upo, mzee." Alivua kofia, akaiweka magotini, na hakusimulia hadithi yoyote siku hiyo.

Alikuja Julai tatu zaidi, na mguu wa kulia ulidumu. Sigara aliacha. Kisha wenye nyumba waliuza ile nyumba, naye akarudi Butere, na sikupata habari zake tena.

Sasa nyinyi mtaniambia Nairobi Julai kila mtu ana miguu ya barafu na mikono pia, na ni kweli. Baridi ya hali ya hewa huja kwenye miguu yote miwili na huondoka ukitembea au ukijifunika. Mimi nawaambia habari ya ile isiyoondoka. Mguu mmoja umeuzidi mwenzake kwa baridi, ngozi inang'aa, nywele zimekimbia, kidonda kidogo kimekataa kupona, mtu anatembea kidogo anasimama. Huyo msimuuzie soksi. Na asiupashe mguu motoni wala kwenye maji ya moto, maana mguu kama huo hausikii unapoungua. Mwambieni aende akapimwe leo, na mkiweza, mpelekeni.

Bwana Lalji alifariki, mwanawe akabomoa rafu za zamani, akaweka zile za mteja kujihudumia. Benchi nyekundu ilitupwa. Nilibaki mwaka mmoja nikisimama kaunta, sina mguu wa kushika, kisha nikastaafu. Mke wangu alikuwa ameshatangulia. Binti yetu yuko Nakuru na hupiga simu Jumapili. Kabiria nina chumba na sebule, na chini ya kitanda nina viatu vinne vyeusi vya kamba, namba tisa, vyote vya kushoto. Siku nyingine hupita sijamsemesha mtu isipokuwa muuza maziwa. Siku hizi nami hula nikisimama.

Mwezi uliopita nilikwenda mjini kwa shughuli ya pensheni. Nilikuwa nimetembea kidogo tu, shavu la mguu wangu wa kushoto likakaza kama limeshikwa na koleo. Mara ya kwanza nilidhani ni uzee. Nikasimama, likaachia. Nikaenda, likakaza tena. Nilipotazama, nilikuwa mbele ya duka la simu, mikono nyuma, kichwa nimeinamisha. Nikabaki hapo nikitazama simu ambazo hata sijui zinawashwa wapi.

Msichana akatoka ndani, nywele amezisuka vizuri, simu yake mwenyewe mkononi. "Sasa mzee. Nikusaidie na simu gani?"

"Naangalia tu," nikasema.

Akatabasamu, akageuka kurudi ndani. Alikuwa ameshashika mlango, nikasikia nilichokisema.

"Binti yangu, ngoja," nikamwita. "Siangalii. Mguu wangu umekataa kwenda. Niletee kiti, halafu nakuomba unishikie hii miguu uniambie kama iko sawa. Mikono yangu mwenyewe siiamini."

Nilidhani atacheka. Alinitazama usoni, akatia simu mfukoni, akaleta stuli ya plastiki, akaiweka pale pale nje mbele ya wapita njia. Kisha akakunja sketi yake, akapiga goti, akanivua viatu na soksi, akashika. Mikono yake ilikuwa mikono tu.

"Huu wa kushoto, mzee," akasema. "Huu ndio uko baridi."